Mama Viatu na Mlango wa Nyuma

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama kuna mtoto karibu yako, msogeze. Leo tunamkumbuka mama mmoja mlezi. Watoto walimwita Mama Viatu, na hata watu wazima walishasahau jina lake jingine.

Mama Viatu alifariki wiki iliyopita. Alifariki kwenye moto, ndani ya klabu ya watoto ya baada ya masomo alikofanya kazi. Alikuwa anamtafuta mtoto. Wasikilizaji, mtoto huyo hakuwemo ndani.

Tuanze mbali kidogo. Mama Viatu alipokuwa darasa la kwanza, alipitiwa na usingizi nyuma ya kabati. Wenzake wakatoka. Mwalimu akafunga mlango. Mdogo wake anasimulia: "Dada alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mlinzi ndiye aliyemtoa, giza limeshaingia. Tangu siku hiyo, ukimwacha nyuma hata kwa utani, hakusemeshi."

Basi alipoajiriwa pale klabu, akaja na utaratibu wake. Mtoto akifika, anavua viatu barazani, anavipanga kwenye rafu. Wakati wa kwenda nyumbani, anavaa mwenyewe. Habebwi. Hata kama kiatu cha kulia kimeenda kushoto, avae. Kisha Mama Viatu anasimama mlangoni anauliza, "Umetokaje?"

Na mtoto anajibu, "Nimetoka na miguu yangu!"

Viatu vikibaki barazani, kuna mtoto ndani. Viatu vikiisha, anafunga. Ndiyo hesabu yake, hakuwa na nyingine. Mdogo wake anacheka huku anafuta machozi: "Dada ukikutana naye njiani, hasalimii uso. Anatazama chini kwanza, halafu ndiyo anakuuliza habari za nyumbani."

Palikuwa na mtoto mmoja, nitamwita kwa jina la pale klabu, Kisigino. Alipenda kukanyaga visigino vya raba zake nyekundu mpaka zikawa kama kandambili. Mama Viatu alimwambia, "Wewe mtoto, hizo raba zimekukosea nini?" Kisigino akajibu, "Zinanichelewesha." Mama Viatu alicheka siku nzima.

Sasa wasikilizaji, klabu ikapata sifa. Watoto wakaongezeka. Walezi wakapungua. Narudia: watoto wakaongezeka, walezi wakapungua. Msaidizi wake alipoacha kazi, hakuletwa mwingine. Mwenye klabu alimpigapiga begani akasema, "Wewe ni jeshi la mtu mmoja, bwana! Utaweza tu."

Na sisi wazazi tukaipenda hiyo. Jeshi la mtu mmoja! Tulidhani tunamsifu.

Halafu vikaja viti vipya. Nafasi hakuna. Vikarundikwa nje, kwenye mlango wa nyuma, mpaka juu. Mama Viatu akaenda kwa mwenye klabu.

"Bosi, ule mlango haufunguki."

"Si mnatumia wa mbele?"

"Na wa mbele ukishindikana?"

"Mama Viatu, hapa ni klabu ya watoto, siyo kambi ya jeshi."

"Juzi uliniambia mimi ni jeshi," akasema. Mwenye klabu akacheka. Viti vikabaki palepale.

Tufike siku yenyewe. Mchana, mtoto mmoja alitapika. Mama Viatu akampeleka bafuni kumsafisha. Hapakuwa na mlezi mwingine. Chumba cha mbele, watoto wakubwa wanaandika. Chumba cha nyuma, Kisigino amelala kwenye godoro.

Shangazi yake Kisigino akaja kumchukua. Ana haraka. Akatazama huku, akatazama kule, hakuona mlezi. Mwenyewe anasema, "Alikuwa amelala vizuri, nikaona huruma kumwamsha. Nikambeba mgongoni. Raba nilizisahau. Nikasema moyoni, nitapiga simu nikifika."

Akaondoka naye. Hakuna aliyewaona.

Muda mfupi baadaye, waya wa umeme uliopitishwa chini ya magodoro ukashika moto. Sponji ile ikiungua, moshi wake haukupi nafasi. Mama Viatu akatoka bafuni na yule mgonjwa kwapani. Akawatoa wote kwa mlango wa mbele. Na watoto wale, moshi uko mgongoni, kila mmoja alichomoa viatu vyake kwenye rafu akakimbia navyo mkononi. Walizoea hivyo.

Wakasimama ng'ambo ya barabara. "Shikeni uzio! Asiachie mtu!" Mama Viatu akampa binti mkubwa simu yake, awapigie zimamoto. Kisha akageuka kutazama baraza.

Kwenye rafu palikuwa na raba nyekundu. Zimekanyagwa visigino.

"Kisigino yuko wapi?"

Yule binti akasema alichokijua: "Alikuwa amelala kule nyuma."

Mama Viatu alijifunga kanga kichwani akarudi ndani.

Ile simu ikaita mkononi mwa binti. Alikuwa shangazi. "Mwambie Mama Viatu samahani, niliondoka bila kuaga. Kisigino ninaye hapa, anakula."

Binti akapiga kelele kuelekea mlangoni. "Mama Viatu, toka! Yupo! Kisigino yupo!" Watoto wote wakapiga kelele. Lakini mlango wa mbele ulikuwa umeshajaa moto.

Walimkuta kwenye mlango wa nyuma, wasikilizaji. Upande wa ndani. Kitasa alikuwa amekizungusha. Mlango ulisogea upana wa kiganja, ukagonga viti.

Msibani, mwenye klabu alisimama kutoa rambirambi. Akasema tumepoteza jeshi la mtu mmoja. Mdogo wa marehemu akamwambia, kwa upole tu, "Kaa chini, baba. Jeshi ulilipunguza wewe." Kisha akamfuata shangazi yake Kisigino, aliyekuwa amejificha nyuma ya watu hathubutu hata kulia. Akamshika mkono. "Dada'ngu viatu vilimwita ndani, ni kweli. Lakini viatu havikumuua. Viti ndivyo vilivyomuua."

Shangazi alilia mpaka akashikwa na watu wawili.

Baada ya mazishi, alitaka kumbeba Kisigino, maana njia ya makaburini ina mawe. Mtoto akakataa. "Nishushe." Akashushwa. Akainama, akavuta visigino vya viatu vyake vipya akavivaa sawasawa. Akageuka kule walikomwacha Mama Viatu, akasubiri. Nadhani alisubiri aulizwe. Mwisho akajibu tu, kwa sauti ndogo:

"Nimetoka na miguu yangu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa mdogo wa marehemu, kwa ndugu wote, na kwa watoto walioshika uzio siku ile wakamngoja: poleni sana. Mungu awatie nguvu, maana maneno yetu hayatoshi. Na shangazi, kama unatusikia, pole na wewe.

Na sisi tuliobaki, kesho tunakwenda kuwachukua watoto. Usiondoke naye kimyakimya. Subiri mpaka mlezi akuone. Muulize mlezi yuko na nani, na akikwambia yuko peke yake, usimsifie.

Halafu pita ndani mpaka mlango wa nyuma. Usiulize kama mlango unafunguka. Usukume mwenyewe.