Mama Kaki Anakabidhi Stoo, Nasi Bado Hatujui Nani Alikuwa Mtakatifu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika stoo ya Idara ya Maji, Mama Kaki anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu ya bili inapakana na dirisha lake, si kwa sababu naelewa lolote.

Alianza kama mfagiaji wa karakana, akapanda hadi mtunza stoo mkuu. Ni yeye aliyepanga valvu na mita hivi kwamba hata umeme ukikatika, fundi anapata anachotaka kwa kupapasa. Lakini ukifika dirishani ukataja kifaa, hakupi. Anakuuliza kwanza kimeharibika nini, wapi, tangu lini. Ukishaeleza, mara nyingi unaondoka na kifaa usichokifuata, na kinafanya kazi.

Vitabu navyo aliviazimisha hivyo hivyo. Kabati lake la nyuma limejaa maisha ya watakatifu na riwaya za zamani, vyote vimefunikwa karatasi ya kaki kwa ajili ya vumbi, bila jina mgongoni. Ukilalamikia bosi, mkwe au usingizi, anakupa valvu yako na kitabu juu yake. Kama ni cha mtakatifu wa kweli au ni riwaya, hasemi. Kasome kwanza.

Hapo ndipo tulipopotea. Fundi wa pampu alikicheka wiki nzima kisa cha mzee aliyeishi juu ya nguzo, akidai mtunzi katia chumvi mno; msoma mita, aliyekuwa ameshaanza kumwomba mzee huyo amwombee, akamnunia. Mimi niliacha sukari kwa kumwiga mtawa mmoja mnyamavu. Nilikuwa nakonda vizuri tu, hadi sura ya mwisho mtawa akaolewa na nahodha. Mpaka leo sijui kama nirudie sukari.

Mambo yalifika pabaya kwa dereva wa lori la maji. Mwaka jana alikuwa amehama nyumbani kwa ugomvi, analala kwa kaka yake. Alikwenda stoo kufuata mkanda wa feni, akatoka na kitabu cha mjane aliyewafungulia mlango majeruhi wa pande zote mbili za vita. Alipokimaliza alirudi kwa mkewe bila kuitwa. Mwaka huu wamepata binti, wakataka abatizwe kwa jina la yule mjane. Padri akapekua majina ya watakatifu, hakumwona. Mama mkwe akaapa mjukuu wake hataitwa jina la mtu wa kutungwa. Mke naye akaanza kujiuliza mumewe alirudishwa na nini hasa.

Dereva alikuja dirishani hana raha, nasi nyuma yake tukijifanya tunafuata valvu. Alitaka jibu moja tu: yule mjane alikuwepo au hakuwepo?

Mama Kaki alikifungua kitabu. Kurasa za mbele zilishang'oka zamani.

"Mwanangu, hata mimi nilishachanganyikiwa siku nyingi," alisema. "Nilikuwa natoa kwa kuangalia kilichoharibika."

Na sisi wote tulidhani walau mtu mmoja idarani anajua.

Dereva akampelekea padri kitabu. Padri alikaa nacho wiki mbili, akakirudisha mwenyewe, macho mekundu, wala hakuwa na uhakika kutuzidi. Akaagiza mtoto aletwe.

"Kama huyu mama hakuwa mtakatifu," alimwambia dereva, "basi nafasi iko wazi. Mtoto aijaribu."

Mama mkwe akaenda kutafuta kitambaa cha gauni la ubatizo. Mke wa dereva alitoa sharti moja: mama wa ubatizo awe yule aliyempa mumewe kitabu.

Kwa hiyo Mama Kaki anakabidhi funguo Ijumaa, na Jumapili anaanza kazi nyingine. Tunakushukuru, Mama, kwa mabomba yaliyopona na kwa nyumba zilizopona. Pumzika vizuri, uishi kwa furaha. Na Jumapili ukiulizwa jina la mtoto mbele ya watu wote, tafadhali litaje kwa sauti, kama mtu mwenye uhakika.