Tupokigwe Saulo Mwakalobo, Aliyelikataa Neno Gunia

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo wa Mwakalobo, wakwe zetu mliotoka Kilolo, wafanyakazi wenzake mliotoka Iringa mjini, na majirani wa Uyole ambao tangu Jumamosi hamjalala kwenu, familia imeombwa kumweleza Tupokigwe kwa ufupi, na ufupi ni kitu alichokipenda kwenye kazi yake na kukikosa kwenye mazungumzo yake, kwa hiyo tutajaribu.

Tupokigwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1993 hapa hapa Uyole, Mbeya, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Saulo Mwakalobo, dereva wa malori mstaafu, na mama Faustina, anayelima viazi na kuviuza sokoni, akifuatiwa na mdogo wake mmoja tu, ambaye ndiye anayesoma historia hii, ana digrii na hana kazi, wazee wamemwomba apunguze ukali, naye amepunguza. Mama anasema Tupo alitembea kabla hajajua kutambaa vizuri, na kwamba hakuwahi kukaa kwenye benchi mpaka mwisho wa ibada yoyote, kwa hiyo leo ndiyo mara yake ya kwanza kutulia mbele za watu.

Alisoma shule ya msingi hapa Uyole kuanzia mwaka 2000 hadi 2006, akasoma sekondari Mbeya mjini hadi 2010, kidato cha tano na cha sita akavisomea Iringa na kumaliza mwaka 2013, kisha akaingia chuo kikuu huko huko Iringa, akahitimu shahada ya teknolojia ya habari Novemba 2016, akapigwa picha na joho, ile mnayoiona juu ya jeneza. Baada ya hapo alikaa nyumbani miaka miwili na zaidi, na familia haitaki kuiruka miaka hiyo kama historia nyingi zinavyofanya, zinaposema baadaye akapata ajira, kana kwamba ajira ilikuwa inamsubiri stendi na bango lenye jina lake. Aliomba, akaitwa interview, akapanda basi kwa nauli ya viazi vya mama, akaambiwa we will get back to you, na mpaka leo tarehe 12 Agosti 2025 hawaja-get back, na kama wamo humu, wamechelewa.

Tarehe 4 Februari 2019 aliajiriwa na kampuni ndogo ya kutengeneza programu za simu pale Kihesa, Iringa, inayoongozwa na ndugu Karan Premji, yule aliyekaa mstari wa mbele, na kazi yake ilikuwa kuandika requirements, yaani waraka wa mahitaji, na kwa kuwa mama Faustina amewaambia watu wote sokoni kwamba mwanawe ni katibu muhtasi, leo tuiseme kazi hiyo ilivyo. Kabla fundi hajachimba msingi, lazima mtu aulize nyumba ni ya nani, watalala wangapi, bibi ana magoti mabovu au mazima, mlango ufungukie wapi, kisha ayaandike yote kwa maneno ambayo fundi hawezi kuyakwepa, na kwenye programu za simu mtu huyo alikuwa Tupo. Alijiwekea sheria kwamba huandiki hitaji la kazi ambayo hujaifanya walau siku moja, kwa hiyo alipoandikia programu ya wauza maziwa alikamua, akapigwa teke, akaliandika na teke, na alipoandikia ya waongoza watalii alikwenda Idodi akarudi na malengelenge miguuni, mpaka mafundi wa kompyuta wakambatiza jina la Afisa Usumbufu, naye akalichapa jina hilo kwa herufi kubwa na kulibandika juu ya meza yake.

Tarehe 17 Oktoba 2020, kanisani Kilolo, alifunga ndoa na mwalimu Sosthenes Kikoti, na inasimuliwa kwamba siku alipopelekwa ukweni kutambulishwa aliwauliza wakwe maswali mengi kuliko waliyomuuliza yeye, hadi mama mkwe akamvuta Sosthenes pembeni na kumuuliza kama ameleta mchumba au karani wa sensa. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Mercy, aliyezaliwa tarehe 5 Juni 2022, ambaye tayari anauliza kwa nini, na akijibiwa anauliza tena.

Mwaka 2024 kampuni ilipata kazi kubwa kutoka kwa umoja wa wanunuzi, programu ya Viazi Mkononi, ambayo mkulima angeandika mzigo wake, mnunuzi auone, wakubaliane bei kabla lori halijafika shambani. Ilikuwa kazi ya nyumbani kabisa, na kwa sababu ilikuwa ya nyumbani, Tupo kwa mara ya kwanza aliivunja sheria yake, hakwenda kushinda sokoni, maana aende kujifunza nini mahali alipokulia, akakaa Kihesa akaandika kwamba mkulima ataingiza idadi ya magunia. Nani Uyole asiyelijua gunia? Hilo lilikuwa kosa la mwenyeji, mgeni asingelifanya, mgeni angeuliza gunia moja ni kilo ngapi.

Tarehe 20 Novemba 2024 programu ililetwa hapa sokoni kwa majaribio, na mama Faustina akawa mkulima wa kwanza kuandikishwa, akaingiza magunia kumi, mnunuzi akakubali bei, lori likaja, na vijana wa lori wakajaza kama wanavyojaza siku zote, lumbesa, gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linapandishwa kichwa juu na kushonewa kwa kamba, mpaka viazi vya magunia kumi na manne vikaenea kwenye kumi. Mama alipolalamika, mnunuzi alimgeuzia simu, akamwambia, mama, si umeandika kumi mwenyewe, hesabu, yakizidi nishtaki. Zamani mama angegomba mpaka soko lisimame, lakini safari hii shahidi wa mnunuzi alikuwa simu ya mwanawe, na hakufoka, alimwambia tu, gwe Tupo, walikuwa wananiibia peke yao, sasa umewatafutia msaidizi.

Tangu siku hiyo dada hakukaa. Aliandika waraka upya, hakuna gunia, ni kilo tu, na programu isisogee hatua mpaka mzigo upande kwenye mizani, wanunuzi wakatishia kuondoka, wakadai sokoni hakuna anayeongea kilo, na ndugu Karan, ambaye ni boss na ana mishahara ya watu kichwani, akamwambia, Tupo, tu-launch kwanza, hizo kilo zako zitaingia version two. Tupo akamjibu kwamba kwa anavyoijua ofisi ile, version two iko mbinguni, kisha akamuuliza kama dukani kwa baba yake, Mzee Premji, sukari inapimwa au inaangaliwa kwa macho. Hata hivyo tarehe ya uzinduzi ikabaki pale pale, tarehe 1 Septemba 2025, na neno gunia likabaki nayo.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akahamia hapa nyumbani ili awe karibu na hospitali ya Mbeya, na siku za kusafishwa damu mkono mmoja ulikuwa kwenye mashine na mwingine unaandika, manesi wakimnyang'anya simu aliazima ya mgonjwa wa kitanda cha pili, baada ya kumhoji kwanza mgonjwa huyo anauza nini na kwa kipimo gani. Kila alipofuta neno lile, Iringa walilirudisha. Sosthenes alimsihi apumzike, akasema atapumzika neno likitoka. Tarehe 8 Agosti alimuuliza mumewe mambo mawili, kama Mercy amekula, na kama wamelitoa, na la pili Sosthenes hakuweza kumdanganya, na kesho yake alfajiri, tarehe 9 Agosti 2025, akafariki neno likiwa bado lipo.

Historia hii ilikuwa iishie hapo, ikifuatiwa na aya moja kumhusu ndugu Karan, na haikuwa aya ya upole. Ila jana jioni Karan alipofika hakuingia ndani, alipitiliza jikoni nje alikokuwa mama Faustina, wakati linashushwa gunia la viazi vya msiba, lumbesa yenye kichwa chake, aliyoitoa mnunuzi mmoja kama pole, akasema, mama, tumelitoa. Mama, ambaye siku hizi haamini maneno, akadai simu, akaandika gunia moja, programu ikakataa ikataka kilo, akaandika tena, ikakataa tena, kwa ubishi ambao sisi wa nyumba hii tunaujua unakotoka, na hapo ndipo mama alipolia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Karan na Sosthenes wakaazima mizani ya sokoni, wakalinyanyua gunia lile wenyewe, na viazi mlivyokula mchana huu, vilivyokuja hapa kwa jina la gunia moja, vilikuwa kilo mia moja thelathini na nane. Wanunuzi wawili wakubwa wamekwisha kujitoa, Karan hajui mishahara ya Oktoba itatoka wapi, ila ile aya imefutwa.

Tunawashukuru madaktari, na manesi wa kitengo cha figo waliomvumilia mgonjwa aliyewauliza kuliko walivyomuuliza, majirani wa Uyole kwa kuni, maji na mabega yenu, ndaga fijo, wenzake wa Iringa kwa kuja na kwa kulifuta, na ukoo wa Kikoti kwa kukubali alale hapa kwao, jambo ambalo si dogo.

Tupo, neno limetoka. Pumzika sasa, dada, kwa amani.