Mlango wa Tata

Bwana asifiwe, wapendwa, na asifiwe hata na sisi tuliochoka. Leo sina sauti ya kupaza. Nimeteremka chemchemini kuchota maji, nimewavalisha watoto wawili, nimepanda kilima hiki mpaka kanisani, na magoti yananilalamikia. Lakini mchungaji amenipa nafasi, na jambo alilonitendea Mungu si la kunyamaziwa. Naitwa Kerubo, mke wa Nyakundi. Wengi wenu hapa Birongo mnatujua kama wale wageni walioingia nyumba ya mabati ya Mama Kemunto, ile iliyokaa bila mtu. Nataka mjue tulifikaje.

Ndugu zangu, sisi tulikuwa Nakuru. Mume wangu alifanya kazi katika kinu cha unga. Kinu kikafungwa, akarudi nyumbani mchana na ovaroli begani, akaketi hajavua hata viatu. Hata hatujajipanga, habari ikatoka kijijini Gesima kwamba baba mkwe wangu, Tata kama tunavyomwita sisi Wagusii, figo zake zimekataa kazi. Ilibidi asafishwe damu kwa mashine kila wiki, hospitalini Kisii mjini. Mama mkwe alishatangulia, na Nyakundi ndiye mwana wa pekee. Tukafunga virago. Nyakundi akapata kibarua cha kupakia simenti katika duka moja mjini, nami nikaachiwa kazi ya kutafuta nyumba.

Asikudanganye mtu, kutafuta nyumba na mfuko mwepesi na mtoto mgongoni ni kazi ya punda. Wakala alinipeleka juu mlimani, nyumba safi, maji ndani, lakini kodi yake ingekula mpaka unga wa watoto. Akanipeleka bondeni, bei nafuu, ukuta una alama ya mahali maji ya mvua yalipofika. Nikisita ananikumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Mwishowe tukapata chumba kimoja kwenye ploti karibu kabisa na hospitali. Bomba uani, shule ng'ambo ya barabara, kanisa la Sabato hatua chache. Nikamshukuru Mungu papo hapo. Niliangalia maji, nikaangalia shule, nikaangalia hata choo. Sikuangalia mlango.

Nami ni Mgusii wa kuzaliwa! Chinsoni, ile miiko yetu ya heshima, naijua kama jina langu. Kwetu baba haingii chumba anamolala mwanawe na mkewe. Si chuki, ni heshima, na mzee aliyelelewa hivyo huwezi kumbadilisha akiwa mgonjwa. Lakini Nakuru tuliishi miaka bila mzee kututembelea, na akili ya mtu aliyechoka husahau hata yale aliyonyonya na maziwa.

Siku ya kwanza Tata alitoka kwenye mashine akiwa hoi, mwanawe amemshika mkono, aje apumzike kwetu kabla ya kurudi Gesima. Nilikuwa nimepika uji wa wimbi na kuvuta pazia mbele ya kitanda. Alifika mlangoni, akaliona lile pazia, akajua nyuma yake kuna nini. Akarudi nyuma.

"Hapa nje iko sawa, Mama Moraa," akaniambia huku akitazama chini. "Nipe tu kiti."

Akaketi karibu na bomba, mahali wanawake wanafulia nguo, amejifunga koti lake. Na mvua ya Kisii mnaijua, alasiri haibishi hodi. Ikanyesha, akasogea chini ya paa, miguu ikalowa. Nilimshikia mwavuli nimegeuza uso, kwa kuwa hata kumtazama ana kwa ana ni shida. Majirani wakaulizana kwa nini mzee mgonjwa amefungiwa nje. Niliumia, wapendwa. Niliumia sana.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Tulijaribu kumrudisha Gesima moja kwa moja akitoka hospitalini, akatapika njia nzima na kulala kitandani siku zilizofuata. Kumkodishia chumba cha wageni hatukuweza. Nikamwendea mchungaji wa kule mjini, akaja kumhimiza kwamba katika Kristo mila hizi zimepitwa na wakati. Tata, mzee wa kanisa tangu ujana wake, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe, Mchungaji," akamuuliza, "baba yako akikutembelea, analala kwako?"

Mchungaji akakuna kichwa. "Huwa analala kwa shemasi."

Tulicheka sote, Tata pia. Ndicho kicheko cha mwisho nilichosikia kwake kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata alimwambia Nyakundi kwamba hatakuja tena. Alisema amechoka, na afadhali afe amelala kwake kuliko kuishi akiketi kwenye maji ya kufulia. Na kweli, siku ya mashine ilipofika hakuja. Ndugu zangu, mtu wa figo akikosa mashine anahesabiwa siku. Nyakundi alirudi kutoka Gesima akaketi vilevile alivyoketi Nakuru.

Asubuhi iliyofuata nikatoka tena na mtoto mgongoni na Moraa, binti yangu mkubwa, mkononi, bila wakala. Nilikuwa naelekea kwingine, lakini mtoto alichafuka tumbo garini, tukashukia hapa Birongo. Nikakaa pembeni mwa soko, karibu na mikungu ya ndizi, machozi yakanitoka bila ruhusa yangu. Nikaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Nikasema, Mungu, nyumba nzuri sitaki tena, nataka mlango wa Tata.

Mama mmoja mwenye ndizi akanitazama. "Wewe ni wa nani? Na unalilia ndizi ama unalilia nini?"

Ndiye huyu Mama Kemunto, mjane, mnamwona pale. Nikamweleza yote. Akaziacha ndizi zake kwa mwenzake, akanichukua. Nyumba aliyonionyesha mnaijua. Mabati yana kutu, jiko lina moshi, maji yako chini kwenye mteremko. Watu wa mjini walikuwa wanaikataa kabla hawajaingia. Lakini huko nyuma kuna kijumba kingine peke yake, mlango wake umeelekea migombani, umeipa nyumba kubwa mgongo.

"Hii ni esaiga ya vijana wangu," akasema. "Walilala hapa kabla waoe. Sasa wako na kwao."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Zote mbili alituachia kwa kodi ileile tuliyolipa chumba kimoja mjini.

Tukahama haraka. Nyakundi akaenda Gesima akambembeleza baba yake arudi kwenye mashine mara moja tu, kisha aje aone tulipohamia. Alikuja amevimba uso, hana nguvu, akasimama mbele ya kile kijumba.

"Na hii ni ya nani?" akauliza.

Nyakundi akafungua mdomo, nami nikaogopa. Akisema ni yake mwenyewe, basi ni nyumba ya mwana, na mzee atatafuta kiti akae nje. Lakini Moraa alikuwa ndani tangu asubuhi. Alikuwa ametandika mkeka na majani ya migomba, amemlaza mwanasesere wake humo.

"Ni yangu, Sokoro!" akaitikia. "Mama analala kule. Karibu kwangu."

Sokoro ni babu, na kati ya babu na mjukuu kwetu hakuna chinsoni, kuna utani tu.

"Kumbe mke wangu amejenga," Tata akasema, "na mimi hakuna mtu ameniambia!"

Akainamisha kichwa, akaingia. Mvua ikaanza. Nikiwa jikoni nilisikia mzee anakoroma, nikalia juu ya sufuria ya mboga.

Sikuja kuwaambia kwamba Tata amepona. Mashine ni ya kila wiki, chemchemi iko mbali, na mume wangu anatoka alfajiri ili awahi kazini. Tumechoka. Lakini Mungu alitupa mlango, na mgonjwa wetu hajakosa mashine tena. Wewe unayezunguka na watoto ukitafuta pa kukaa, mwamini Bwana, na usimwombe nyumba tu. Mwambie na jina la yule atakayebaki nje. Anasikia hata hilo.

Yule mzee anayesinzia benchi la nyuma, kichwa kimeegemea bega la Moraa, ndiye Tata. Jana alikuwa kwenye mashine. Naomba wimbo wa kufunga tuuimbe polepole.