Kopo la Vidonge la Bi Leonia

Wewe uliyekwisha kukunja pua kabla hujasikia neno, ikunjue kwanza. Hapa hakuna anayekulazimisha kuamini. Lakini ukipita Isevya ukauliza kwa Bi Leonia muuza kahawa, utaonyeshwa benchi, utaonyeshwa kufuli, na watu watatu watakueleza kwa aibu kopo lilikwenda wapi. Ukiwakuta hawana aibu, jua umekosea nyumba.

Benchi lenyewe ni ubao wa mninga uliobaki fundi alipokosea vipimo vya jeneza, na limewekwa nje ya chumba cha kahawa chenye mlango wa bati. Kila asubuhi hukaliwa na walewale. Yupo Vedasto, aitwaye Diwani kwa sababu aligombea mara moja akapata kura kumi na moja. Yupo Samweli, aitwaye Profesa, mkagua tiketi mstaafu wa reli, ambaye mpaka leo humtazama kila mtu kama kapanda bila nauli. Na Deus, dereva wa bodaboda, aitwaye Breki kwa sababu hana. Bi Leonia mwenyewe ana miaka sabini na moja na darasa la saba. Shule ilimfundisha kusoma, kunyamaza walisahau.

Siku hiyo nafasi ya Masolwa, fundi baiskeli, ilikuwa tupu. Siku tatu nyuma alikuwa anaziba pancha, mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, mdomo ukaenda upande. Presha. Jana yake ikafika barua: kikundi chao cha kuzikana, ambacho miaka miwili iliyopita kilijiunga na bima ya afya ili wanachama wajaribu kutibiwa kwanza, kimeshushwa kutoka daraja la kwanza hadi la tatu. Daraja la kwanza hulipia mazoezi ya viungo. La tatu hulipia kitanda, na pole. Bila mazoezi, daktari alisema, Masolwa hatashika spana tena.

Profesa aliisoma barua kwa mara ya nne, miwani puani.

— "Wanachama wenu wa presha na sukari huchukua dawa kila mwezi bila kukosa, lakini hulazwa kama watu wasiozimeza. Gharama za kuwalaza zimeuelemea mfuko."

— Hapo tumetukanwa, alisema Diwani. Mtu hakosi hata mwezi mmoja kuchukua dawa, halafu unamsema.

— Barua ya kikundi kingine hiyo, imepotea njia, alisema Bi Leonia akimimina kahawa. Haya, kunyweni, mimi sioni cha ajabu.

Alisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

— Bibi, hii imeandikwa jina letu na muhuri, alisema Breki. Mimi nasema mashine ya kupimia presha ndiyo inazingua. Imechoka. Inabana mikono ya watu tangu asubuhi, kwa nini isipandwe na hasira? Hasira yake ndiyo wanayoiandika.

— Mashine haina kosa, alisema Diwani. Kosa ni damu. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani kwa miguu. Moyo wa mpagazi ule. Unasukuma kwa nguvu kwa sababu unadhani bado kuna mzigo. Sasa unaupima kwa kipimo cha mtu anayepanda lifti?

— Babu yako alikuwa mpishi wa msafara, Diwani. Wewe mwenyewe ulisema.

— Sufuria ni nyepesi, Breki?

Profesa akakunja barua taratibu, kama mtu aliyeshika tiketi ya bandia.

— Nyote mnasafiri daraja la tatu kwa akili. Sikilizeni. Kila kidonge siku hizi kina kidude ndani. Ukikimeza, kinapiga ripoti kwenye kompyuta ya bima. Kisipomezwa, kimya. Wao wanakaa ofisini wanasikiliza. Wamesikia Isevya yote kimya.

Wakacheka. Kisha kicheko kikaisha kwa mkupuo, maana kila mmoja aligeuza macho kwenye rafu nyuma ya mgongo wa Bi Leonia, pembeni ya sukari.

Hapo lilikuwapo kopo la maziwa ya unga, na ndani yake hapakuwa na maziwa. Lilianza kwa wema. Mama yake Breki hakuwa na bima, na dawa zake zilimwishia. Masolwa akamtolea zake kumi, akisema yeye mzima, wameze wagonjwa. Diwani akaongeza. Profesa akaongeza. Bi Leonia akaongeza zake, akawa mtunzaji. Ili kopo lisijae karatasi, akavitoa vidonge vyote kwenye vifuko vyake, vya njano, vyeupe, vya waridi, vya presha na vya sukari, vikalala pamoja kama kunde. Sheria ikawa moja: atakayesikia kichwa kizito aje achukue kimoja. Siku ya kliniki, kila mtu anameza viwili alfajiri, presha inashuka kwa adabu, daktari anafurahi, anaandika vingine. Bi Leonia alijisifu mpaka kanisani kwamba Isevya nzima haina duka la dawa kama lake. Wa kumwambia kwamba ni mjinga hakutokea, na yeye mwenyewe, aliyezoea kuwaambia wengine, hakujiambia.

— Hodi wazee wangu. Shikamooni.

— Marahaba, Julieth.

Alikuwa binti wa Masolwa, kanga imemkaa vibaya begani, uso wa mtu aliyelala kwenye kiti. Hakukaa.

— Daktari kanituma. Anasema presha bado iko juu. Anataka kujua kama dawa ya baba imeshindwa, ambadilishie yenye nguvu, au alikuwa haimezi. Akimpa kali bila sababu, anaogopa itamshusha azimie. Mimi nyumbani sijamwona akimeza. Nyinyi ndio mnashinda naye. Baba alimeza dawa lini mara ya mwisho?

Diwani akatazama ndani ya kikombe. Profesa akaitafuta miwani iliyokuwa puani. Breki akainama kukagua tairi la bodaboda yake.

— Basi hata mwezi tu, alisema Julieth. Mwezi gani?

Bi Leonia akasimama. Akalishusha kopo, likalia kama kayamba.

— Nikikutajia siku, mwanangu, nitakuwa naongopa. Alikuwa ananiletea mimi. Vya njano humu ni vya baba yako, nadhani. Vyeupe ni vyangu. Mwambie... hapana. Nitamwambia mwenyewe.

— Bi Leonia, alisema Diwani polepole, ukisema huko, bima itasikia. Daraja la kwanza ndiyo tumeliaga.

— Kwani sasa uko la ngapi?

— Nikupeleke, bibi? aliuliza Breki.

— Nimeshaua nusu ya mtu mmoja wiki hii, yatosha.

Akarudi ndani, akamwaga maji kwenye mkaa, akaliacha birika palepale limejaa kahawa. Akalitia kopo kwapani, akatoka, akauvuta mlango wa bati, akaupiga kufuli.