Mlango wa Vitasa Viwili

Kijiwe chenyewe ni kochi moja la watu watatu lililowekwa nje ya duka la makochi, na kochi hilo halijawahi kumalizika. Upande wa kushoto lina sponji na kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Upande wa kulia ni mbao tupu, zimelainishwa na makalio ya wanakijiwe waliochelewa kuwahi nafasi nzuri. Lilianzwa na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja: mkubwa huchonga fremu, mdogo huvika sponji, na mtaa ukawabatiza hivyo hivyo, Fremu na Sponji. Walikuwa katikati ya kazi hiyo, ndipo kochi jingine walilokwisha kuuza likavunjika na kumwangusha mkwe wa mteja mbele ya wageni. Fremu akamwambia mteja kosa ni la sponji. Sponji akamwambia mteja kosa ni la fremu. Mteja akaenda zake kwa fundi mwingine, na hawa wakabaki na maneno. Wakagongelea ukuta wa plaiwudi katikati ya duka la marehemu baba yao, kila mmoja na mlango wake, na tangu hapo salamu ikafa. Sasa Fremu anauza makochi magumu, na Sponji anauza makochi laini yanayolia kila ukikaa. Ujinga wa watu wenye akili hauna dawa.

Asubuhi hiyo Sponji alikuwa anahama. Kapata chumba mji mwingine, na lori lilikuwa njiani kuja kumchukua. Kijiwe kizima kilijua, Fremu alijua, na hakuna aliyelitaja. Badala yake walizungumza habari za televisheni, kwa nguvu zaidi kuliko siku nyingine.

— Mimi jana sikulala, alisema Dobi, aliyekuwa amekalia sponji kwa vile aliwahi. Mtu anasimama mbele ya mlango, mkono uko kwenye kitasa, halafu wanatuandikia itaendelea. Huo ni uungwana?

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya fundi bomba mmoja aliyegundua, nyuma ya kabati la stoo yake, mlango wa kwendea dunia ya pili. Dunia ile ni hii hii: mtaa ule ule, nyumba ile ile, isipokuwa huko mambo ya fundi huyo yamekwenda vingine. Mlango una kitasa huku na kitasa kule, na haufunguki mpaka vyote viwili vizungushwe kwa wakati mmoja.

— Wamefanya vizuri kukatiza, alisema Profesa, ambaye aliwahi kuwa mpishi wa chuo kikuu na akatoka huko na jina. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Dobi.

— Inahusu milango.

— Haihusu milango!

— Mgeni anapita wapi, dirishani?

Bi Birika alimimina kahawa bila kucheka. Yeye hakai, amesimama na birika lake kwenye kijiwe hicho tangu ndugu hawa wakiwa wanafunzi wa baba yao, na anawaita wote wawili wanangu.

Fremu alikuwa amekaa upande wa mbao, kama kawaida yake. Upande wa sponji hakuugusa hata siku moja. Mdomoni alikuwa na misumari. Mafundi mbao wote huweka misumari mdomoni mikono ikiwa na kazi, lakini Fremu huiweka hata asipokuwa na cha kugongelea, pale tu mazungumzo yanapomkaribia. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi kitu.

— Mimi nawaelezea kitaalamu, alisema Profesa. Dunia haziko mbili, ziko nyingi. Kila ukiamua jambo, dunia inapasuka. Ukitia chumvi kwenye sufuria, kuna dunia nyingine hukutia. Ukitia mara mbili, ya tatu hiyo.

— Ndiyo maana chakula chako kilifukuzwa chuoni.

— Katika dunia hii. Kule nimepandishwa cheo.

— Ngoja, alisema Dobi, na akaweka kikombe chini, maana wazo lilikuwa zito. Ina maana zile soksi za wateja, zinazobaki moja moja, hazipotei? Zinavuka! Kule kuna dobi mwenzangu, sasa hivi, ana fungu la soksi ambazo hajui ni za nani. Naye anatukanwa kama mimi. Masikini ya Mungu!

— Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, alisema Profesa.

— Mwenzangu anatukanwa, wewe unaniambia nafuu!

— Kule mimi nimekaa kitako, alisema Bi Birika, na nyinyi ndio mnamimina.

— Mnakwenda mbio mno, alisema Profesa, akishusha sauti. Nani kawaambia sisi ndio wa kwanza? Labda kule ndiko kwenyewe, na sisi ndio nakala. Nakala ya nakala. Tazameni mambo yetu yalivyofifia.

Wakatazama barabara. Kwa kweli ilikuwa imefifia kidogo. Fremu naye alitazama, lakini alichotazama ni kona ambako lori lingetokea. Akatema misumari kiganjani ili aseme jambo, lolote, mradi lisiwe lile.

— Mnampamba bure yule mtu, alisema. Hakuna dunia ya pili. Ni mwendawazimu. Kipindi kizima anazungumza peke yake! Anauliza mwenyewe, anajibu mwenyewe, anajigombeza, anajibembeleza. Nilishangaa mbona hawampeleki hospitali.

Dobi akageuka taratibu.

— Anazungumza peke yake vipi? Wako wawili, bwana. Yeye na yule mwenzake wa kule. Wa huku amenyoa, wa kule ana ndevu. Wamesimama huku na huku ya mlango, wanasemeshana.

— Sauti ni moja.

— Sauti ni moja kwa sababu mwigizaji ni mmoja! Ndevu hukuziona?

Fremu aliihesabu misumari kiganjani.

— Fremu, wewe tamthilia unaiangalia, au...

— Anaisikiliza, alisema Bi Birika. Televisheni ya mama yao imebaki upande ule. Mwacheni.

Misumari ikarudi mdomoni. Aibu ilimpanda Fremu mpaka masikioni, na masikio ndiyo hasa yaliyomponza. Kila jioni alikuwa akifunga mlango wake, anavuta kigoda mpaka kwenye plaiwudi, anakaa gizani na karanga zake kama mtu aliyealikwa. Hajawahi kuiona sura ya yule fundi bomba. Alikuwa amejichorea mwenyewe kichwani, mtu mmoja tu, mpweke, anayejijibu.

— Na nyinyi hamjajiuliza, aliendelea Bi Birika, ambaye akianza hakatizwi, kwa nini Sponji anafungulia sauti mpaka mbwa wanahama mtaa? Mimi jana nilimfuata. Nikamwambia mwanangu, punguza, masikio yako si mazima? Unajua alinijibu nini? Akasema, nikipunguza, kuna mtu hatasikia.

Hapo hata Profesa alikosa methali.

Fremu alikuwa na hakika siku zote kwamba kelele zile ni za kumkomoa. Alizilaani huku akizisogelea. Sasa aliutazama mlango wa mdogo wake. Alitamani kuinuka. Alitamani pia Bi Birika asingesema, maana mtu akishajua hana tena pa kujificha.

— Basi nenda, bwana! alisema Dobi. Nenda kabla lori halijafika. Mlango ule pale, hatua mbili tatu.

Fremu alitoa misumari.

— Mimi ndiye mkubwa. Mkubwa hamfuati mdogo.

— Mkubwa ni jalala, alisema Profesa.

Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kuipatia methali mahali pake, na hakukusudia.

— Si mmesema kitasa kiko pande zote mbili? alisema Fremu, na sauti ilimtoka nyembamba. Basi azungushe yeye kwanza.

— Hakuna kwanza, alisema Dobi. Hilo ndilo ulilolikosa kwa kutoona. Ni pamoja.

Lori likatokea konani.

Akashuka mpakizi, kijana wa miraba minne, taulo begani, mtu ambaye hawajapata kumwona. Akaingia mlango wa Sponji na kuanza kutoa vitu: magunia ya sponji, vitambaa, cherehani, makochi yanayolia. Yalilia yote yakipandishwa. Kijiwe kilikunywa kahawa kwa bidii. Kila kitu kilichotoka Fremu alikitambua. Meza ya kukatia alikuwa ameichonga yeye, na miguu yake bado ilisimama sawasawa.

Mpakizi alipomaliza ndani, akaja mbele yao akijifuta jasho.

— Shikamooni wazee. Samahani, naomba mninyanyukie. Hili kochi ni la nani?

Wakatazamana.

— Nimeambiwa nichukue vya upande ule, alisema mpakizi. Sasa hili naona nusu liko huku, nusu liko kule. Ni la nani?

Sauti ya Sponji ikatoka ndani.

— Mwambie ni la kaka. Fremu ni yake.

Mpakizi akamgeukia Fremu.

— Mwambie ni lake yeye. Sponji na kitambaa ni vyake.

— Mwambie sponji bila fremu ni godoro, ikasema sauti ya ndani.

— Mwambie fremu bila sponji ni... alianza Fremu, na hakulimaliza. Jibu lilikuwa limejaa mdomoni: ni mimi. Ni huu ugumu ninaoukalia kila siku. Lakini watu walikuwa wakimtazama, na mkono ukafanya ulichozoea. Misumari ikarudi mahali pake.

— Sasa nilipakie au niliache? aliuliza mpakizi. Mimi ni mtu wa kazi tu, wazee wangu. Mniambie.

Swali dogo kama hilo, na kijiwe kizima, pamoja na Profesa wake na dunia zake zote, hakikuwa na jibu. Mpakizi akangoja, akapandisha mabega, akaenda kufunga kamba.

Ndipo Sponji akatoka. Alikuwa amebeba televisheni ya mama yao, ameifunga kwenye shuka. Akawaaga mmoja mmoja: Dobi, Profesa, na Bi Birika, ambaye alimshika shavu. Halafu akasimama mbele ya upande wa mbao. Alikuwa amefuga ndevu. Fremu hakuwa na habari; tangu ukuta ule hakuwahi kumtazama usoni.

— Shikamoo, kaka.

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama zamani, walipokuwa wakifungua duka asubuhi. Na akasimama pale na mzigo wake mzito, anangoja.

Mdomo wa Fremu ulikuwa umejaa misumari.

— Mm, alisema.

Sponji akangoja kidogo zaidi. Akahamishia uzito wa televisheni mkono mwingine. Halafu akasema, "Haya," taratibu, kama anayemwambia mtu ambaye hakuwepo, akapanda mbele kando ya dereva. Fremu alikuwa ameinuka tayari, kichwa ameinamisha, anatema misumari kiganjani. Mmoja ulinasa kwenye jino, akahangaika nao kwa ulimi na kidole, machozi yakimlengalenga. Lori likakoroma, likanyoosha, likapita duka la kona na kupotea.

Akapata kuutoa. Ulikuwa na damu kidogo.

— Marahaba, alisema.

Barabara ilikuwa tupu. Ndani, nyuma ya plaiwudi, hapakuwa na sauti yoyote.

— Unamwitikia nani? aliuliza Dobi.

Bi Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Fremu, akalitikisa, akalitikisa tena. Kahawa ilikuwa imekwisha.