Kaka Kitunguu na Alama Nilizomwongezea

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ambako baba alikuwa fundi rangi. Harufu ya kemikali aliizoea kabla hajajua kusoma.

Alimaliza sekondari mwaka 1971, akahitimu ufamasia chuo kikuu mwaka 1976. Kwa hesabu alikuwa moto. Kwa kuimba, Mungu amsamehe.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika maabara ya hospitali. Huko alichunguza kama kiyeyusho cha viwandani, kikisafishwa na kupunguzwa nguvu, kingetuliza sainasi, ule uvimbe wa ndani ya pua na mifupa ya uso. Kiyeyusho hicho kikimgusa mtu, baadaye pumzi yake hunuka kitunguu saumu. Ndiyo maana tulimwita Kitunguu. Alipomposa wifi yangu, mwalimu wa hesabu, wifi alimwambia, "Nakukubali, ila wiki ya harusi usikanyage maabara." Akatii. Walifunga ndoa tarehe 12 Disemba 1981, wakajaliwa mabinti wawili.

Kwenye kijitabu mlichoshika imeandikwa kwamba utafiti huo ulisitishwa mwaka 1986 kwa "kasoro za kitaalamu". Maneno hayo niliyaandika mimi juzi, na mbele ya jeneza hili nimeshindwa kuyasoma. Naona aibu. Nilikuwa muuguzi wa utafiti ule. Wagonjwa walikuwa sitini: nusu walipewa kiyeyusho, nusu maji ya chumvi, na mimi niliyepima nafuu yao sikutakiwa kujua nani kapewa nini. Lakini pumzi zao zilisema. Kila aliyenuka kitunguu nilimwongezea alama, kwa kuwa nilitaka kaka yangu ashinde.

Aliona matokeo mazuri kupita kiasi, akaniita. "Mdogo wangu, ulikuwa unawanusa?"

Nililia tu.

"Basi, nyamaza. Harufu hiyo mimi ndiye niliyepaswa kuifikiria."

Aliandika barua akafuta kazi ya miaka mingi, akajitaja yeye peke yake kuwa mkosaji. Wenzake walimwita mwongo, na cheo hakupanda tena. Mpaka leo hatujui kama dawa ile ingefaa. Hata jibu nilimnyima.

Aliugua figo tangu Agosti 2023. Nilipomwambia kitandani kwamba nitasema ukweli, alicheka kwa shida: "Subiri kwanza niondoke, utaniharibia usingizi bure." Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 11 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, na mimi. Wanangu, mlikua mkisikia watu wakimsema baba yenu. Baba yenu hakudanganya. Aliyedanganya ni shangazi yenu, na alinyamaza miaka thelathini na minane.

Yeye apumzike kwa amani. Maswali mniulize mimi.