Mama Ghati Mniko na Darasa la Masika

Wazee wetu, shikamooni, ndugu waombolezaji, poleni na msiba. Kwa niaba ya familia tunawasomea habari za mama yetu, Ghati Mniko, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Itiryo, wilayani Tarime, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mniko na Mama Waisiko.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Itiryo, mwaka 1979 hadi 1985, akabaki nyumbani akilima na kuchunga, na tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na Nashoni Heche wa hapa Nyamwaga, Mungu akawajalia watoto wanne, Simon, Beatrice, Tabitha na Vicent.

Mwaka 2008 familia ilihamia Mugumu, na tarehe 2 Februari 2009 marehemu alipata kibarua katika uwanja mmoja wa gofu jirani na mji huo, akianza kwa kung'oa magugu kwa mkono, baadaye akakabidhiwa mashine ya kukata nyasi na bomba la kupulizia dawa. Machi 2014 alikosea kipimo cha dawa, nyasi zote kuzunguka shimo la saba la kuchezea zikaungua, na ingawa hakuna aliyemwona, alikwenda mwenyewe kwa meneja, Bwana Sylvester, akamwambia, "Ni mimi niliyeunguza, nifukuze au nifundishe." Bwana Sylvester alikuwa amepanga kuwarudisha vibarua wote nyumbani hadi mvua ziishe, maana masika wageni hawaji, ila baada ya kufikiri siku mbili aliwabakiza na kumwita mtaalamu kutoka Arusha, na tarehe 14 Aprili 2014 darasa lao la kwanza la utunzaji wa nyasi na vipimo vya dawa likafunguliwa ndani ya banda la mashine, wanafunzi wakiwa tisa.

Mtihani wa kwanza marehemu alifeli, hesabu za vipimo zilimshinda, akalia, kisha akakaa chini na binti yake Tabitha, aliyekuwa sekondari, mpaka zikamwingia, akafaulu mwaka uliofuata, na tangu 2017 akawa mkufunzi kila masika, akiwafundisha hata waliomzidi umri kama Mzee Abdurahmani, aliyependa kumtania, "Shikamoo mwalimu," naye akakataa katakata kuitikia.

Novemba 2024 alianza kuumwa tumbo, akagundulika ana saratani ya ini, akatibiwa Mugumu na Mwanza, lakini Aprili mwaka huu aliomba afundishe, akafundisha wiki mbili akiwa ameketi, kisha akazidiwa, hadi Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, alipofariki hospitalini Mugumu, akiacha mume, watoto wanne na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mugumu na Nyamwaga, Bwana Sylvester, na wafanyakazi wenzake waliofunga darasa wakaja kumzika. Kwenu ninyi wa darasani, marehemu aliacha agizo, mtihani wa Jumatatu saa mbili asubuhi usiahirishwe kwa ajili yake, hivyo familia inawaomba baada ya mazishi mpande gari, mrudi mkasome.

Mama yetu, upumzike kwa amani, wanafunzi wako watakuwepo.